Risasi moja, dubu mmoja: mwongozo kamili wa kuwinda dubu mweusi kwa gobole nje ya jimbo lako

Ohio ninakoishi hakuna msimu wa dubu. Wapo wachache upande wa mashariki, na jimbo limewaweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, kwa hiyo ukimwona unampiga picha na kumwacha apite. Vuka mpaka uingie Pennsylvania na mambo yanabadilika: mwaka 2019 wawindaji wa jimbo hilo walipata dubu 4,653, na hakuna mwaka uliowahi kufikia hapo. Kati yangu na dubu halali kuna tangi la mafuta na nusu, siku tano za likizo, na karatasi kadhaa.

Nasema gobole kwa makusudi. Kwetu Tabora gobole ni lile la mzee wa kijijini, kitako kimefungwa waya, ambalo kila baada ya miaka michache polisi hutangaza lisalimishwe. Marekani bunduki ya kushindilia haijafa. Ina viwanda, ina wapenzi, na majimbo mengi yameitengea msimu wake kabla au baada ya msimu wa bunduki za kawaida, wakati msitu una watu wachache. La kisasa lina mtutu wa chuma kizuri na darubini juu, lakini kazi ni ile ile aliyoifanya babu: baruti inatangulia, risasi inafuata, mdeki unashindilia, fataki inawasha. Unapata mlio mmoja. Kupakia tena ni nusu dakika kwa mwenye mikono mepesi, dakika nzima kwa anayetetemeka, na dubu hasubiri. Kwa hiyo kila ninachopanga, kuanzia jimbo ninalochagua hadi ukubwa wa deli la barafu, nakipanga nikiifikiria hiyo risasi moja.

Kabla ya yote, hadhi yako ya uhamiaji

Hapa sitanii. Raia na mwenye grini kadi wanaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki, mradi hawana hukumu za kuwazuia. Mwenye viza ya muda, awe mwanafunzi, mgeni au mfanyakazi, amekatazwa isipokuwa kwa vighairi vichache, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na karatasi asiguse kabisa. Aliye katikati, kesi yake bado haijaamuliwa, azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kushika hata ya rafiki, maana hukumu ya kosa la silaha ni moja ya mambo yanayoweza kumrudisha mtu kwao.

Utasikia wauzaji wakisema gobole si bunduki mbele ya sheria. Ni kweli nusu. Sheria ya shirikisho huliweka gobole pamoja na silaha za kale, lakini lile linaloweza kubadilishwa kirahisi likapiga risasi za kawaida linahesabiwa bunduki kamili, na majimbo yana tafsiri zao wenyewe. Usijenge maisha yako Marekani juu ya maneno ya mtu aliye nyuma ya kaunta.

Kuchagua jimbo

Swali la kwanza si wapi kuna dubu wengi. Ni wapi dubu atakuja karibu vya kutosha kwa gobole lako, na kwa bei unayoiweza.

Maine ni jibu la watu wengi. Msimu wake wa chambo huanza Jumatatu ya mwisho ya Agosti. Unakaa mkabala na pipa la vyakula vitamu, dubu anakuja yadi 20 au 30, na kwa gobole hiyo ni raha tupu. Wananchi wa huko walipigia kura ya kuzuia chambo, mbwa na mitego mara mbili, 2004 na 2014, na mara zote mbili wakakataa kuzuia. Wenzetu wa Lewiston na Portland wanaweza kuwinda wakiwa nyumbani. Anayetoka nje ya jimbo kwa kawaida hukodi mwongozaji, na hapo maelfu ya dola hutoka mfukoni.

North Carolina upande wa pwani ina dubu wakubwa ajabu. Mmoja aliyepigwa Craven County mwaka 1998 alikuwa na ratili 880, karibu kilo 400. Ardhi nzuri nyingi huko ni ya watu binafsi. Wisconsin nayo ina dubu tele, ila leseni hupatikana baada ya kungoja miaka. Ukiwa na haraka, sahau.

Mimi nilichagua Pennsylvania. Ni karibu, ardhi ya umma ni kubwa mno, leseni inanunuliwa tu bila bahati nasibu, na katikati ya Oktoba kuna wiki ya dubu kwa magobole. Mwaka 2024 ilikuwa tarehe 19 hadi 26. Upungufu wake nao uujue: chambo ni marufuku, na mbwa hawaruhusiwi. Dubu lazima umtafute kwa miguu na akili. Kwa kawaida wawindaji wawili au watatu katika mia ndio wanaorudi na dubu. Nimekwenda misimu minne na nimepata mmoja, na wenyeji wananiambia nina bahati.

Leseni na kozi

Mwaka wa leseni Pennsylvania huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mtu mzima asiye mkazi anahitaji tatu: leseni ya jumla, leseni ya dubu, na leseni ya gobole. Mara ya mwisho nilipozilipia zilifika karibu dola 160 kwa pamoja, kupitia tovuti ya Pennsylvania Game Commission, idara ya wanyamapori ya jimbo. Angalia bei ya mwaka wako.

Kama hujawahi kuwa na leseni ya uwindaji popote, utadaiwa cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji. Fanya ya jimbo lako la nyumbani. Vyeti vya majimbo hutambulika kwingine. Usiidharau kwa sababu ulikua ukimfuata mjomba porini na upinde. Ndugu zetu wa Kenya wana sababu zaidi ya kukaa nayo kwa makini, maana kwao uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na wengi wetu wa kizazi hiki tunaanza upya kabisa.

Kisha soma kijitabu cha kanuni chote, hata kurasa zinazochosha. Mambo matatu yashike kichwani: calibre ya gobole kwa dubu, yaani upana wa tundu la mtutu kwa sehemu za inchi, isiwe chini ya .44; uvae rangi ya chungwa inayong'aa, inchi 250 za mraba kichwani, kifuani na mgongoni, ionekane pande zote; na eneo lililowekwa chambo hubaki marufuku hadi siku 30 zipite tangu chambo na mabaki yake yaondolewe. Hilo la mwisho limewaponza watu wasio na hatia walioketi karibu na mahindi waliyomwaga wengine. Ukikuta rundo la mahindi au maandazi yaliyooza msituni, ondoka, usianze kufikiri.

Gobole na vinavyolishwa

Nunua .50 la kufungukia nyuma, linalotumia fataki ya 209, aina ya kisasa yenye moto mkali. Lipo la kila bei na la bei ya kati linatosha. Linalokunjika kama bunduki ya marisau ni rahisi kusafisha, na hakikisha kizibo cha nyuma cha mtutu unaweza kukifungua kwa mkono. Utanishukuru siku ya mvua.

Baruti nyeusi ya asili bado inauzwa, ila wengi tunatumia mbadala: Pyrodex, Triple Seven au Blackhorn 209. Pima kwa kikombe cha ujazo, si kwa mizani, isipokuwa kiwanda kimekupa kipimo cha uzito. Greni ndiyo kipimo kidogo cha baruti na risasi; greni 100 kwa ujazo humtosha dubu. Soma kiwango cha juu kwenye kitabu cha gobole lako na usikivuke. Na hili nalisema kwa sauti: baruti isiyotoa moshi, ile ya risasi za kisasa, usiitie kwenye gobole la kawaida hata kijiko kimoja. Mtutu utapasuka mbele ya uso wako. Namba 209 kwenye jina Blackhorn inahusu fataki, na baruti hiyo kweli inahitaji fataki ya 209 yenye nguvu. Vifataki vidogo vya magobole mengine haviiwashi vizuri.

Risasi ndiyo niliyoikosea mwanzoni. Muuzaji alinipa nyepesi ya kupigia paa mbali, ndani ya kikombe cha plastiki, inayopasuka haraka ikigusa nyama. Dubu wa Oktoba amevaa manyoya marefu, chini yake mafuta ya vidole vitatu. Tundu la kuingilia huziba, damu hunywewa na manyoya, na mnyama aliyepigwa vizuri kabisa anaweza kwenda yadi 80 bila kuacha tone. Unahitaji tundu la pili upande wa kutokea, chini kidogo, damu ipate njia. Kwa hiyo chukua nzito, greni 300 au zaidi, ama ya shaba ngumu ama ile ya madini yenyewe ya risasi iliyo butu na nene. (Kiswahili chetu kimeita madini na kitu cha kupigia kwa jina moja; kwa gobole haijakosea.)

Ukisafiri kwa ndege, elewa kwamba bunduki tupu ndani ya kasha gumu lenye kufuli, iliyotangazwa kaunta, inapanda. Baruti na fataki hazipandi kabisa, si mkononi wala kwenye mzigo. Utazinunua ukifika, na huenda usipate ile uliyofanyia mazoezi. Ndiyo sababu naendesha gari.

Mazoezi ya risasi ya kwanza

Watu wengi hulenga shabaha vibaya kwa ajili ya gobole. Wanakaa mezani, wanapiga kumi mfululizo, wanarekebisha darubini hadi zile za mwisho zinakusanyika, wanarudi nyumbani wakitabasamu. Porini hawatapiga ya kumi. Watapiga ya kwanza, kutoka mtutu baridi na safi, na mtutu safi mara nyingi hupeleka risasi mahali tofauti na mtutu wenye masizi.

Fanya hivi. Rekebisha darubini kwanza kwa yadi 50, ukipiga deki mtutu kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kila mlio, kisha kikavu. Ukishatulia, sogea yadi 100. Baada ya hapo badili mtindo: kila Jumamosi ya Agosti na Septemba nenda uwanjani na gobole safi, piga risasi moja tu kwenye sahani ya karatasi, andika tarehe juu ya tundu. Piga umekaa chini, mgongo kwenye nguzo, kama utakavyokaa msituni. Wiki nane zinakupa matundu manane ya kwanza. Masafa ambayo yote manane yameingia kwenye kisosi, hayo ndiyo masafa yako. Yangu ni yadi 80. Dubu akisimama yadi 110 namtazama tu.

Mdeki wako utie alama mbili kwa kisu au kalamu: moja inayoonyesha mtutu mtupu, nyingine inayoonyesha risasi imekaa barabara juu ya baruti. Risasi iliyoning'inia katikati ya mtutu ni hatari ya kupasua, na ukipakia mara mbili kwa kusahau ni vivyo hivyo. Fataki ikilia na baruti isiwake, kaza mtutu uelekee mahali salama na uhesabu hadi mia. Baruti inaweza kuchelewa.

Ukikaa Ohio una nafasi ya ziada: Januari kuna msimu wa paa kwa magobole. Siku hizo, vidole vikiwa vimekufa ganzi, zinafundisha kuliko uwanja wowote.

Kumjua dubu kabla ya kumfuata

Sisi dubu tunamjua kwa jina tu. Afrika ilikuwa na wake, wa milima ya Atlas kule kaskazini, akatoweka karne ya 19. Kwa hiyo hatuna methali zake wala hofu zake za utotoni, na hilo ni faida. Usimfikirie simba. Dubu mweusi wa Oktoba ni mlaji, basi. Anajiandaa kulala majira yote ya baridi na anaweza kula saa 20 kwa siku, kalori 20,000 na zaidi. Ukijua anachokula wiki hiyo, umejua alipo.

Kaskazini ya kati ya Pennsylvania, yaani Clinton, Lycoming, Potter na Tioga, chakula hicho ni mbegu za mialoni. Mialoni myeupe hudondosha mapema na dubu huipenda kuliko myekundu. Kuna pia njugu za miti ya bichi, na mabustani ya tofaa yaliyoachwa na wakulima waliohama zamani. Mwaka ambao mialoni imekataa kuzaa, dubu hushuka kwenye mashamba ya mahindi ya watu, na wewe mwenye ardhi ya umma unabaki na miti mitupu. Piga simu ofisi ya idara ya mkoa unaoutaka mwezi Septemba uwaulize mwaka huu mialoni imezaaje. Hujibu, na kwa upole.

Mimi huenda msitu wa Sproul, Clinton County, karibu na mji mdogo wa Renovo. Ndio msitu wa jimbo mkubwa kuliko yote Pennsylvania, ekari zaidi ya 300,000. Kutoka Columbus, Ohio, ni mwendo wa saa tano na nusu hadi sita. Nenda wikendi moja mwishoni mwa Agosti au Septemba bila bunduki. Tembea migongo ya vilima ukitafuta mialoni iliyovunjwa matawi juu, magogo yaliyopinduliwa, kinyesi kikubwa kilichojaa maganda, na alama za makucha kwenye gome laini la bichi. Ukiona vinyesi vya siku tofauti mahali pamoja, weka alama kwenye ramani ya simu. Ipakue ramani ukiwa mjini, kwa sababu bondeni simu inakufa.

Tafuta mahali ambapo chakula kinagusana na kichaka kizito. Dubu hulala kwenye laureli ya milimani, kichaka ambacho mtu mzima anakipita kwa magoti, na hutoka kula asubuhi na jioni. Ukipata mwaloni uliojaa mbegu yadi 60 kutoka kwenye ukingo wa laureli, umemaliza nusu ya kazi.

Malazi: kambi hairuhusiwi kwenye State Game Lands, ardhi za uwindaji za jimbo. Kwenye misitu ya jimbo inaruhusiwa kwa masharti, na kulala na gari kunahitaji kibali. Mimi hukodi chumba. Mwili uliolala vizuri unalenga vizuri, na ninahitaji bafu la kuoshea mtutu.

Asubuhi yenyewe

Katikati ya Oktoba jua huchomoza kama saa moja na nusu. Kuwinda kunaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla. Ingia mahali pako saa kumi na mbili, polepole, ukitokea upande ambao upepo unakupiga usoni. Wavuvi wa pwani wana maneno mazuri kwa hili: dubu awe goshini, wewe uwe demani. Macho yake si mabaya kama watu wasemavyo, lakini pua yake ni ya kutisha. Upepo ukigeuka ukaipeleka harufu yako kwenye laureli, inuka uhame, hata kama mahali ni pazuri. Kukaa kwa kiburi mahali pa harufu ni kupoteza siku.

Ulingo wa juu ya mti husaidia harufu ipite juu, ila uvae mkanda wa kujifunga tangu mguu unapoacha ardhi, na gobole ulivute kwa kamba likiwa halina fataki. Mimi hukaa chini, mgongo kwenye mti mnene kuliko mabega yangu.

Sasa kisa cha msimu wangu wa kwanza. Nilipakia Jumamosi asubuhi na sikutoa. Mvua ilinyesha, nililiingiza gobole kwenye chumba chenye hita usiku, nikalitoa kwenye baridi alfajiri, siku tatu mfululizo. Chuma kilikuwa kinatoka jasho ndani bila mimi kujua. Siku ya tatu dubu wa ratili 200 hivi alitoka kwenye laureli akasimama ubavu, yadi 45. Fataki ikalia kama kibiriti. Alinitazama, akapuliza pua, akarudi alikotoka bila haraka. Tangu siku hiyo jioni hufungua kizibo cha nyuma, nasukuma baruti na risasi nje, nafuta mtutu, na kupakia upya asubuhi. Ni hasara ya dola chache. Mdomoni mwa mtutu nabandika utepe wa mafundi umeme. Risasi hupita bila shida. Gobole lenyewe hulala kibarazani penye baridi, tupu, kwenye kasha lenye kufuli.

Ndani ya gari lisiwe limepakiwa. Sheria nyingi huliona gobole tupu pale fataki inapotolewa tu, lakini kwenye barabara za milima mimi sitaki baruti nyuma ya kichwa cha mtu.

Dubu akija, tazama kwanza nyuma yake. Majike wengi wana watoto, na watoto hubaki nyuma hatua ishirini. Kwa macho ya mgeni dubu yeyote ni mkubwa, angalia masikio. Yakionekana makubwa na yaliyosimama, ni mdogo. Yakionekana madogo yaliyo mbali kwenye pande za kichwa, ni mtu mzima. Ngoja akae ubavu na mguu wa mbele ulio upande wako usogee mbele. Lenga katikati ya mwili kwa urefu wa juu na chini, nyuma kidogo ya bega. Manyoya ya tumboni hudanganya, yanakufanya ulenge chini kuliko mapafu yalipo. Kichwa usikiguse. Anayekuja uso kwa uso, muache.

Moshi utakufunika. Inama utazame chini yake, usikilize vijiti vinavunjikia wapi. Chagua mti aliopitia mara ya mwisho ukauweke moyoni. Kisha pakia tena kabla hujainuka, kwa kufuata alama za mdeki, na ukae nusu saa kwa saa. Ukimfikia, mwendee kutoka nyuma na umguse jicho kwa kijiti kirefu. Asipopepesa, shusha pumzi.

Akishaanguka

Kabla ya kumsogeza, jaza lebo na umfunge sikioni. Una saa 24 kumfikisha kwa maofisa akaguliwe. Novemba, msimu wa bunduki za kawaida, vituo vya ukaguzi hufunguliwa mchana kutwa. Wiki ya magobole mara nyingi unapiga simu ofisi ya mkoa mpangane mahali pa kukutana, basi namba uwe nayo kwenye karatasi, si kwenye simu iliyokufa. Watampima uzito, watamtambua jinsia, na watang'oa jino dogo la kujua umri wake. Usimkate vipande kabla hujawauliza wanamtaka akiwa katika hali gani.

Joto ndilo adui. Oktoba inaweza kufika nyuzi 18, na dubu ni blanketi la manyoya juu ya blanketi la mafuta. Toa matumbo pale pale, tandaza mbavu kwa kijiti, ukifika kwenye gari jaza mifuko ya barafu ndani ya kifua. Ratili 200 mlimani haziburutwi na mtu mmoja: nilikuwa na mkokoteni wa magurudumu mawili, jamaa yangu kutoka Bukavu, na bado tulitumia saa nne kwa maili moja. Mpange msaidizi kabla ya kuondoka nyumbani. Deli mbili kubwa, kila moja ya lita 100, hutosha dubu aliyechunwa na kutolewa mifupa.

Ukivuka mpaka naye weka lebo na karatasi zote pamoja na nyama. Kusafirisha kutoka jimbo moja hadi jingine mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria ni kosa la shirikisho chini ya Lacey Act. Kifuko cha nyongo usikiuze wala usimpe anayekuja na bei nzuri. Kuna watu wamefungwa kwa biashara hiyo. Na ukitaka kumpelekea mzee ngozi Dar es Salaam, dubu mweusi yumo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Bila kibali cha kutoa nje, forodha itaibakiza.

Jikoni

Msomaji Muislamu ameshajua: kwa Mashafii wa pwani yetu mnyama mwenye chonge anayewinda kwa hizo haliwi, na dubu wamemhesabu humo. Wengine tuna jambo jingine la kuogopa, minyoo ya trikinela. Mwaka 2022 familia moja ilikusanyika South Dakota wakala mishikaki ya dubu wa Saskatchewan, Kanada, aliyekaa kwenye friza siku 45. Kati ya wanane waliohojiwa, sita waliugua, wawili wao wakiwa wamekula mboga tu zilizopikwa pamoja na nyama hiyo. Minyoo ya dubu wa nchi za baridi haifi kwa kugandishwa.

Kwa hiyo mishikaki sahau, isipokuwa una kipimajoto na unakichomeka kila kipande. Lengo ni nyuzi 74 za selsiasi katikati ya nyama. Mimi napika kama nyama ya mbuzi mzee: nachemsha kwa tangawizi, vitunguu saumu na limau saa tatu, nakausha maji, ndipo naikaanga na kuimalizia kwa tui. Ubao wa kukatia na kisu vioshwe kwa maji ya moto kabla ya kugusa kachumbari.

Mafuta usiyatupe. Yakate vidogo, yayeyushe kwa moto mdogo, chuja kwa kitambaa. Uto wake ni mweupe na hauna harufu kama mnyama alikula mialoni. Mke wangu aliutazama wiki mbili kwenye friji bila kuugusa, halafu Jumapili moja mafuta ya alizeti yakaisha akakaangia maandazi. Sasa anauliza nitaondoka lini.